Nataka kuhama Nairobi nikajenge boma la kujitegemea: ushago unapimwaje kabla ya kununua?

#1 Mhamaji_Umoja

Wadau, salamu. Niko mtaa wa Umoja mwaka wa kumi na moja, na mke, watoto watatu na mbwa ambaye mwenye nyumba hajui kama yupo. Tangu usiku ule wa 25 Agosti 2023, stima ilipozima nchi nzima hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza, nina wazo moja kichwani: ekari mbili mahali, na boma litakalotulisha na kutunywesha miezi mitatu bila mtu kwenda dukani. Sisemi kiama. Nasema mafuriko, ukame, uchaguzi, au mafuta kukosekana kama Aprili 2022 tulipolala kwenye foleni za petroli.

Nimeonyeshwa sehemu mbili. Moja iko Laikipia upande wa Rumuruti, nyingine Makueni karibu na Wote. Mimi naona Laikipia inashinda kwa sababu watu ni wachache, na balaa likija hatari ni watu. Nitaweka tangi la lita 10,000, paneli za sola na kuku mia, kazi imekwisha. Nani anapinga?

#2 FundiMabati

Mimi napinga, na naanza na tangi. Mko watano. Kila mtu mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, kuoga, kupika na kufua humo humo. Hizo ni lita 100. Kuku mia watakunywa kama lita 25 siku ya joto. Ukileta ng'ombe mmoja wa maziwa, weka 50 zaidi. Sasa uko kwa lita 175 kila siku, na tangi likijaa tarehe 1 Juni, Julai haitaisha kabla hujaanza kugonga chini ukisikiliza mlio.

Tena tangi halijijazi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba mahali panapopata milimita 600 kwa mwaka linakupa lita 36,000 kwenye karatasi. Toa zinazomwagika kwenye mifereji na zile za mvua ya kwanza zinazoosha kinyesi cha ndege, ubaki na 29,000 hivi. Matumizi ya watu peke yao ni 36,500 kwa mwaka. Kabla ya kuuliza bei ya ekari, uliza mvua ni kiasi gani na paa lako ni kubwa kiasi gani.

#3 KijanaWaRongai

Kuku mia! Wewe umeshawahi kuishi na kuku watano? Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikipita hapo Jumatatu, Ijumaa unabaki na manyoya na deni la chakula.

#4 Mzee_wa_Nyahururu

Nimsahihishe #2 kidogo, hesabu yake ni nzuri ila kalenda ni ya Nairobi. Huku Laikipia ya magharibi tunapata mvua nyingine katikati ya mwaka, Julai na Agosti. Kiangazi kinachouma ni Januari hadi Machi mwishoni. Anayekuja Agosti anakuta majani ya kijani, anasaini, halafu Februari analia.

Na wewe Mhamaji, "upande wa Rumuruti" ni upande upi? Toka Nyahururu hadi Rumuruti ni chini ya saa moja kwa gari, lakini umeshuka kutoka baridi ya viazi hadi kwenye migunga. Shamba likiwa karibu na barabara ya lami ni jambo moja. Likiwa ndani kule kwenye udongo mweusi, masika hutoki. Mimi nimesukuma Probox tatu kwa siku moja, na moja ilikuwa ya broka.

Kuna ndovu pia. Ndovu haulizi hati miliki. Anavunja tangi ili anywe maji, anasukuma ukuta wa ghala akisikia harufu ya mahindi. Halafu upande wa kaskazini kuna mpungate, ule mmea wa miiba, umetapakaa. Mbuzi wakila yale matunda, miiba inawaingia mdomoni na tumboni. Watu ni wachache, ni kweli. Umejiuliza kwa nini?

#5 Mama_Mbaazi

Nimeolewa Makueni miaka kumi na tisa, kwa hiyo mimi ni shahidi wa upande mmoja, msinichape.

Kwetu mvua ya masika usiiweke rohoni. Inaweza kunyesha wiki tatu ikanyamaza. Vuli ndiyo tunayoilimia, ile ya Oktoba hadi Desemba. Watu wa Nairobi huja na mahindi ya msimu mrefu waliyoyaona kwa wajomba zao Kitale, wanapanda Machi, wanavuna mabua. Sisi tuna pojo, kunde, mtama, na hii mbaazi iliyonipa jina. Mbaazi ukiipanda inakaa shambani bila kukuuliza kitu. Maembe ni ya pesa, si ya akiba.

Maji yetu yako kwenye mchanga. Mito mingi inakauka juu, chini ya mchanga kuna maji. Ndiyo maana Ukambani kuna mabwawa ya mchanga: ukuta unajengwa kukatiza mto, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanakaa humo bila jua kuyanyonya wala mbu kutaga. Ukienda kuangalia shamba, usiangalie mto, angalia kama mto una mchanga. Kama lori zimeshauchota, ondoka. Kaunti yetu ilitunga sheria ya kuulinda mchanga mwaka 2015, na nyinyi mlioko kwenye maghorofa mnajua ulikuwa unaenda wapi.

#6 Mhamaji_Umoja

Asante #4 na #5. Hilo la kalenda limenipiga, nilienda Agosti. Lakini bado hamjanijibu kuhusu watu.

#7 BintiMolo

Nikujibu mimi. Januari 2008, zile vurugu za baada ya uchaguzi, nilikuwa darasa la saba. Tulikaa mbali na wenzetu, shamba kubwa, nyumba peke yake kilimani, vile unavyotamani wewe. Waliokaa pamoja sokoni walipata habari mapema, wakapanda lori. Sisi tulijua tulipoona moshi. Aliyetutoa ni mama mmoja wa upande ule mwingine ambaye mama yangu alikuwa akimuuzia maziwa kwa mkopo. Alituficha siku mbili kwenye jiko lake.

Mahali pasipo na watu ni mahali ambapo hakuna wa kukuambia kitu.

#8 KichwaNgumu254

@BintiMolo pole sana dada. Lakini na mimi niseme langu. Kwa mjomba wangu ni majirani hao hao waliokuja na mafuta ya taa, walimwita kwa jina lake. Kwa hiyo hoja ya ujirani inakata kote kote. Kipimo changu ni kimoja, na watu hawapendi kukisema: jina lako la ukoo litasikikaje kwenye baraza la chifu wa hapo? Kama wewe peke yako ndiye unahitaji kutafsiriwa, fikiria tena.

#9 Mama_Mbaazi

@KichwaNgumu254 mimi nilihitaji kutafsiriwa miaka minne. Nikajifunza Kikamba kwenye chama cha kuchimba mitaro ya shamba, mabibi wananicheka. Sasa mimi ndiye katibu. Usimtishe mtu.

#10 KichwaNgumu254

Wewe uliolewa huko mama. Yeye ananunua.

#11 Dereva_wa_Usiku

Mnaongea kama mtu tayari yuko bomani siku ya balaa. Mimi nina boma. Liko Sultan Hamud, lina tangi, mbuzi kumi na wawili, sola, kila kitu. Tarehe 6 Aprili 2020 serikali ilipofunga Nairobi kwa ajili ya korona nilikuwa Kayole na gari liko gereji. Nilikaa miezi mitatu nikila unga wa kupima na mbuzi wangu wakinenepa. Majirani walikunywa maziwa yangu na kunitumia picha. Watu wa Kitengela nao walifungiwa nje wasiingie kazini.

Kipimo changu: unaweza kufika huko kwa saa ngapi, kwa njia ngapi, bila gari?

#12 Mpenda_Ramani

@Dereva_wa_Usiku kisa kizuri ila rekebisha jambo moja. Kitengela haikufungiwa nje, ilikuwa ndani ya mpaka pamoja na Athi River, Rongai, Kiserian na Ngong. Upande wa Thika mpaka ulikuwa daraja la Chania. Kufungua kulikuja Julai 7. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa na mchumba Murang'a, na nilipofika Julai alikuwa na mchumba mwingine.

#13 KijanaWaRongai

Hilo nalo liingie kwenye tathmini ya maafa 😂

#14 Wakili_Mdogo

Nisikilizeni kabla hamjachimba visima kwenye shamba la mtu. Shamba la kilimo lazima lipitie Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ya eneo hilo, na maombi ya kibali yanatakiwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Mkazembea, mkataba unaweza kuwa karatasi ya kufungia njugu. Mke wa muuzaji akubali kwa maandishi. Sachi, yaani kukagua hati kwenye ofisi ya ardhi, uifanye wewe mwenyewe, si ile ambayo broka amekuja nayo kwenye bahasha. Halafu mpeleke mpima ardhi aonyeshe bikoni, alama za mpaka, ardhini, maana hati inaweza kuwa halali na shamba ulilokanyaga likawa lingine.

Mwenzangu alinunua "ekari mbili Laikipia" kwa kampuni moja ya viwanja. Siku ya kuonyeshwa walipelekwa kwa basi, soda na keki, wakasimama mahali pazuri kando ya mto. Alipoenda na mpima ardhi, kipande chake kilikuwa kilomita tano kutoka pale, kwenye mawe. Na hata kile cha mtoni kingekuwa na shida, ukingo wa mto una hifadhi yake huwezi kujenga.

#15 Mwanamke_wa_Ngazi

Kuhusu mto: mwambie na usiku wa 29 Aprili 2024 kule Mai Mahiu. Watu walilala wazima, bwawa likapasuka juu yao.

#16 Mpenda_Ramani

@Mwanamke_wa_Ngazi bwawa ndivyo ilivyotangazwa asubuhi. Ilivyoelezwa baadaye, maji yalijaa nyuma ya tuta la reli ya zamani, kalavati ya kupitishia maji iliyo chini yake ikazibwa na matope na magogo, tuta likaachia. La Solai, Mei 2018, hilo ndilo lilikuwa bwawa kweli, la shamba la mtu binafsi, na karibu watu hamsini walikufa. Tofauti hii ina maana kwa mnunuzi. Bwawa utaliona ukipanda kilima. Kalavati iliyoziba hakuna broka atakayekupeleka. Panda juu ya shamba lako, ufuate maji yanakotoka hadi mwisho, uone ni nini kimeyashika.

#17 FundiMabati

Nakubaliana na #16 kwa mikono miwili.

#18 Gitonga_Naivasha

Mbona hamsemi Naivasha na Gilgil? Karibu na jiji, kisima kinachimbika, udongo mwepesi. Maji ya kisima unachemsha tu unakunywa.

#19 Muuguzi_Mstaafu

Mwanangu Gitonga, cheka tuone meno.

Maji mengi ya visima Bonde la Ufa yana floraidi juu ya ile miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanatoka meno ya kahawia, na ikizidi miaka mingi inaingia kwenye mifupa. Kuchemsha hakuitoi, kunaikoleza kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Nakuru wamekuwa wakiichuja kwa makaa ya mifupa. Pima maji maabara kabla ya kulipa hata amana. Upande wa Kajiado na sehemu za Ukambani pima chumvi.

Na kwa kuwa nimeshashika kalamu: Mhamaji, umesema una watoto watatu. Hospitali yenye chumba cha upasuaji iko umbali gani usiku, mvua ikinyesha? Nimefanya kazi kwenye zahanati ya bara miaka ishirini na minne. Waliotufia mikononi hawakufa njaa, walikufa njiani. Mama anayetoka damu, mtoto aliyeumwa na nyoka, mzee wa sukari ambaye insulini yake imeharibika kwa joto kwa sababu friji ilikuwa ya stima. Mimi nikipima mahali naanza hapo, mengine ya tangi na kuku yatafuata.

#20 Gitonga_Naivasha

Shikamoo mama. Meno yangu tuyaache.

#21 Dereva_wa_Usiku

@Muuguzi_Mstaafu marahaba kwa niaba yake. Lakini mama, kwa kipimo hicho si tungebaki wote Umoja?

#22 Muuguzi_Mstaafu

Labda.

#23 Mkulima_Simu

Chakula mmekipita kama matatu ya asubuhi. Familia ya watano ikila kilo moja na nusu ya mahindi kwa siku, gunia la kilo 90 ni miezi miwili. Miezi mitatu ya Mhamaji ni gunia moja na nusu, na maharagwe yake. Hilo ni rahisi kununua. Kulihifadhi ndiyo kazi. Dumuzi tuliyembatiza Osama anamaliza gunia ukiwa unaongea na simu, unabaki na unga ambao hukuusaga. Mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inasaidia, lakini mahindi yawe yamekauka sawasawa, unyevu chini ya asilimia 13.5.

Wasiokausha wakumbuke 2004. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu 125, wengi Makueni na Kitui. Ilikuwa ni mahindi yao wenyewe, ya ghala lao wenyewe. Samahani Mama Mbaazi.

#24 Mama_Mbaazi

Usiombe samahani, ni kweli, tulizika. Tangu hapo kwangu hakiingii ghalani kitu ambacho sijakitafuna. Punje iliyokauka inakatika kwa mlio. Kipimo cha mashine kipo kwa chama, lakini jino liko hapa.

#25 KijanaWaRongai

Jino lisiwe la Gitonga.

#26 Mzee_wa_Nyahururu

Mmenikumbusha ule mmea wa mathenge kule Baringo. Ulipandwa kama dawa ya jangwa, ukageuka mwenye nyumba. Wenyeji walishtaki serikali wakaleta mbuzi mahakamani, meno yameisha kwa kula maganda yake matamu. Mbuzi kizimbani! Kwa hiyo Mhamaji, ukitembea shamba lako la kununua, tazama midomo ya mbuzi wa jirani. Itakwambia mengi kuliko broka.

#27 Wakili_Mdogo

Hakuwa kizimbani mzee, alikuwa kielelezo.

#28 Mzee_wa_Nyahururu

Nyinyi mawakili hata mbuzi mnamtoza.

#29 SautiYaChini

Nimesoma yote kimya. Swali moja kwa mwenye uzi: kwani kwenu ni wapi?

#30 Mhamaji_Umoja

Nilijua litakuja.

Kwetu ni Murang'a, upande wa Mathioya. Guka aliacha ekari moja na robo, na wana watano. Urithi haujagawanywa tangu 2009. Chai iko, ndizi ziko, nduma ziko chini karibu na mto, maji mwaka mzima. Hospitali si mbali. Kila mtu ananijua kwa jina la babu yangu. Lakini ukigawanya hiyo ardhi kwa watano, halafu kwa watoto wetu, kila mtu anapata mahali pa kusimamisha ndoo. Na ni mteremko. Masika zote mbaya unasikia kipande cha kilima fulani kimeshuka. 2018 tulihamisha kaburi la shosh.

#31 SautiYaChini

Kwa hiyo una maji, watu, hospitali na chakula, na unaenda kununua ndovu.

#32 BintiMolo

Si haki #31. Kilima kikishuka usiku utasema nini? Na ardhi ya urithi yenye ndugu watano si akiba, ni kesi inayosubiri tarehe.

#33 KichwaNgumu254

Lakini kesi na ndugu unaijua lugha yake.

#34 FundiMabati

Mimi nasema ajenge tangi Murang'a kwa makubaliano ya ndugu wote, kisha akodi ekari Makueni msimu mmoja wa vuli aone. Kukodi hakuhitaji keki na soda.

#35 Mzee_wa_Nyahururu

Akikodi msimu mmoja akabahatika na mvua ya El Niño atadhani Makueni ni Kericho. Msimu mmoja haupimi kitu. Tulikosa mvua misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020. Anayeuza shamba hukuonyesha mwaka wake mzuri.

#36 Mkulima_Simu

Misimu mitano, ndiyo, lakini Murang'a juu huko haikuuma kama Laikipia. Usichanganye.

#37 Mhamaji_Umoja

Mke wangu amesoma uzi wote jana usiku. Yuko upande wa Mama Mbaazi kuhusu chakula, upande wa Muuguzi kuhusu hospitali, na ameuliza kuku mia walikuwa wa nani.

Sijaamua. Nilichokata ni hiki: Rumuruti nitarudi Februari, Wote nitaenda Septemba mwishoni kabla ya vuli. Yeyote mwenye macho aje, petroli tuchange. @FundiMabati njoo na futi. @Mpenda_Ramani utapanda kilima wewe. Murang'a naenda Krismasi kuongea na baba zangu wadogo, hiyo safari siombi mtu.

#38 Mpenda_Ramani

Februari nipo. Lakini Rumuruti tukague pia masika, udongo mweusi hauonyeshi tabia yake ukiwa mkavu.

#39 Mzee_wa_Nyahururu

Masika njooni na viatu vya mpira na vijana wa kusukuma. Mimi nitakuwa kando ya barabara na chai.

#40 KijanaWaRongai

Mbwa naye aende. Yeye ndiye hana mkataba wa nyumba.

#41 Mgeni_Leo

Salamu wadau, nimejiunga leo, nimesoma mwanzo tu. Hizo ekari mbili za Rumuruti bado zipo?